Ua la Batoul na Nyama ya Harusi

Mjini Mutsamudu, mtu akitaka kusema kwamba jambo fulani halina matumaini, alikuwa akisema, "Hilo limepandwa na Batoul." Maneno hayo yalisemwa hata mbele yake, na mwenyewe alicheka pamoja na wasemaji, maana Batoul alikuwa mtu wa kucheka. Lakini akirudi nyumbani alipanda juu ya dari, akayatazama makopo yake ya maziwa yaliyojaa udongo mtupu, na hapo kicheko kilimpungua.

Msidhani alikuwa mvivu. Alikuwa na huruma iliyopita kipimo, basi. Mgeni akiingia kwake hakuachwa auone mwisho wa kikombe. Paka wa jirani walitembea kwa taabu kwa kushiba. Na mche wowote aliouotesha aliunywesha asubuhi, akaunywesha adhuhuri, akaunywesha baada ya alasiri, na alfajiri akiamka kutawadha aliona haya kutumia maji peke yake, akaumwagia na wenyewe. Mrehani ukafa. Asumini ikafa. Mnanaa, ambao ukiutupa mtaroni unakushukuru na kuota, nao ukafa.

"Mama Zouhoura," mumewe Tadjidine alimwambia siku moja, naye alikuwa karani wa bandarini, mtu wa maneno machache, "hii mimea haina ugonjwa. Inakufa maji."

Lililomuuma Batoul ni kwamba alikuwa binti wa Saandia. Marehemu Saandia, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akitunga makoja ya asumini ya maharusi wa mji mzima. Akifika nyumba ya harusi hakusema hodi kama watu wengine. Alisimama mlangoni na sinia lake kichwani akasema, "Nimeleta maua," na wanawake wote walinyanyuka kumpisha. Batoul alikuwa mdogo, ameshika upindo wa nguo ya mamake, akaona watu wazima wakimpisha mama, akajiapia kwamba siku moja naye atayasema maneno yale mawili.

Saandia alipofariki, kazi ya maua ilikwenda kwa Bahiat, binti wa ami yake Batoul, mwanamke ambaye asumini ilimwota hata pasipo udongo. Batoul alipewa kumenya vitunguu. Miaka kumi na minane alimenya vitunguu vya harusi za watu. Hapakuwa na mtu aliyelia harusini kama yeye, wala hapakuwa na aliyemuuliza kwa nini.

Basi Zouhoura, mwanawe wa pekee, akaposwa na kijana wa Moroni, mwalimu aitwaye Charif. Batoul hakutaka makuu katika harusi hiyo. Alitaka jambo moja tu, kwamba ua la chumbani mwa mwanawe litoke mkononi mwake.

Wakati huo ndio ile miaka ya mamluki, wazungu waliokuja na bunduki mwaka wa sabini na nane wakakaa wakaota mizizi. Batoul alikwenda Moroni kumuuguza wifi yake Nafissa aliyejifungua. Nafissa alikuwa mke wa Ridjali, ndugu yake Batoul aliyemfuata kuzaliwa, nao walikaa huko juu Mvouni kwenye baridi. Ridjali alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa mmoja wa wazungu hao. Mzungu mwenyewe shingo yake nene kama kinu, mkononi amechorwa nanga, watu wakimwona njiani wanakumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani. Lakini kila asubuhi, kwa masimulizi ya Ridjali, alichuchumaa mbele ya safu ya makopo akiyasemesha kwa sauti ya mama anayebembeleza mwana. Ilikuwa mimea ya kwao, kusini kabisa mwa Afrika, mahali ambapo mvua inanyesha kwa kusitasita. Siku alipoitwa kurudi kwao alimkabidhi Ridjali makopo yote, akayapungia mkono, akafuta macho, akaondoka.

"Mtu aliyekuja kupindua nchi!" Batoul alishangaa.

"Ndiye huyo huyo, dada. Njoo uone."

Makopo yalikuwa nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mishubiri yenye maua mekundu kama makaa, kulikuwa na vijimea vinene vilivyojifumba kama ngumi za watoto. Pembeni kulikuwa na kimoja kisicho na jani hata moja, vidole tupu vya kijani vimesimama, kila kidole kina pembe nne na ngozi yake laini kama mahameli.

"Huu unakula nini?" Batoul aliuliza.

"Hauli kitu."

"Unakunywaje?"

"Mara moja kwa wiki tatu. Kusi likivuma, hata hiyo usiupe."

"Maskini ya Mungu!"

"Usiuhurumie, dada!" Ridjali alimshika mkono, maana ulikuwa tayari unatafuta kata ya maji. "Ukiuhurumia tu, umeuua. Mzungu alisema unachotaka ni kusahauliwa. Ukisahauliwa vizuri, unatoa ua la nyota, pana kama sahani ya pilau."

"Sahani ya pilau?"

"Mimi sijaliona. Yeye ndiye alisema."

"Na harufu yake?"

"Nilimuuliza. Alicheka tu."

Batoul akapiga hesabu zake. Asumini ni ndogo kama ukucha, nayo inanukia chumba kizima. Ua la mlangilangi ni refu kama kidole, nalo likipikwa mafuta linanukiza bandari yote ya Mutsamudu, Tadjidine harudi kutoka kazini ila ananukia kama biharusi. Sasa ua la upana wa sahani?

"Litanukia mpaka kisiwa cha Mwali," alinong'ona.

"Huenda hata mbele ya hapo," Ridjali alisema.

Wala tusiwacheke. Sisi watu wa visiwa hivi tumezaliwa puani. Upepo wenyewe ukipita kwetu unapita umejipaka. Ua lisilo na harufu tulikuwa tumewahi kuliona, tukalisamehe. Lakini nani angewaza jingine?

Batoul alirudi kwao na meli, amefunika kopo kwa shiromani yake nyekundu, nguo yake ya kujitanda, amelipakata safari nzima. Mama mmoja aliyekaa karibu naye alimuuliza mtoto ana miezi mingapi mbona halii. Batoul, aliyekuwa ameshikwa na kichefuchefu, alijibu, "Si mtoto, ni mgeni." Tangu hapo jina lake likawa Mgeni.

Mgeni asiyekunywa maji nyumbani kwa Batoul ni mtihani. Wiki ya kwanza alipanda darini mara arobaini na kata mkononi. Mara zote alipofika alikumbuka maneno ya Ridjali, na kwa kuwa maji yameshatekwa na si vizuri kuyarudisha, aliumwagia ukuta wa pembeni. Ukuta ukaota ukungu wa kijani kibichi, kitu cha kwanza kustawi chini ya mkono wake. Tadjidine akaificha kata. Batoul akachukua tasbihi badala yake, kila mkono ukimwasha kwa huruma alivuta punje akasema astaghfirullah. Mwaka ule kwa ajili ya mche alimtaja Mola wake kuliko miaka kumi iliyotangulia, na Mgeni akanenepa, akaongeza vidole, akajaza kopo, akahamishiwa kwenye karai.

Wiki ya harusi ilipoingia, kitumba kilikuwa kimetokea ubavuni mwake. Siku ya Jumatatu kilikuwa kama komamanga changa. Siku ya Jumatano kilikuwa kama sambusa iliyofura mafutani. Habari zikaenea, Bahiat akaja na wanawake watano kuangalia.

Alikizunguka kitumba mara mbili, mikono mgongoni. "Batoul wee, hiki ni kitumba au jipu?"

"Ni kitumba, na kesho kitafunguka inshallah, nawe utakuja kuniomba kitawi."

"Nitakuja na kisu cha vitunguu, usije ukakosa kazi."

Wale watano wakacheka. Batoul naye alianza kucheka kwa mazoea, akasita. "Bahiat," alisema, "chumbani kwa Zouhoura haitaingia asumini yako hata punje. Ua la chumbani ni hili."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mashahidi."

"Na likitutia aibu?"

"Likitutia aibu, nitamenya vitunguu mpaka nizikwe, na neno maua halitatoka tena kinywani mwangu."

"Mmesikia, mabibi?" Bahiat aliwageukia wenzake. Walikuwa wamesikia. Ilipofika magharibi mji wote ulikuwa umesikia.

Siku yenyewe, Alhamisi, wageni wa Moroni walishuka bandarini wakiongozwa na Bi Hadidja, mamake Charif, mwanamke mrefu anayeangalia watu kwa kupitia ncha ya pua. Kwetu, kama mjuavyo, bwana harusi ndiye anayeingizwa nyumbani kwa mke, na heshima ya nyumba hiyo iko kwenye nyama. Ng'ombe wanachinjwa, kila mkubwa ana fungu lake kwa cheo chake, na mji unaweza kusamehe bwana harusi aliyechelewa au mwimbaji aliyekauka sauti, lakini nyama mbaya inasimuliwa kwa vitukuu. Mgawaji wa nyama alikuwa Soidri, mtu mkubwa kama mlango wa msikiti. Babake aligawa, babu yake aligawa, na katika vizazi vitatu hakuna aliyewahi kunung'unikia fungu.

Asubuhi kitumba kilikuwa bado kimefumba. Batoul alilishusha karai chumbani, akaliweka karibu na kitanda, akalifunika kwa shiromani yake bora ili lifunuliwe mbele ya watu wakati wa kuimba. Kisha akafunga madirisha yote mawili yakafungika kabisa, manukato yasije yakapotea bure.

Baada ya sala ya adhuhuri Charif aliingizwa chumbani akaketi kitandani karibu na Zouhoura, mlango ukarudishwa. Chini ya shiromani, katika joto lile, Mgeni naye akaamua wakati umefika.

Zouhoura ndiye aliyesikia harufu kwanza. Akawaza, meskini, safari ya meli ni ndefu, hakupata maji ya kuoga. Charif naye akasikia. Akawaza, watu wa kisiwa hiki cha Ndzuani wana liwa zao, huenda ndiyo mila, nisiseme neno nikamwaibisha mamangu.

"Hiyo liwa uliyopaka ni ya hapa hapa?" aliuliza kwa adabu.

"Ya hapa hapa."

"Mashallah." Akasogea kidogo.

"Na wewe ulikuja na meli ya samaki?" Zouhoura aliuliza, kwa adabu vilevile.

"Ya abiria."

"Mashallah." Akasogea kwa upande wake. Mpaka harufu inaanza kupita chini ya mlango, mmoja alikuwa mwisho huu wa kitanda na mwingine mwisho ule, wamekaa kama waliogombania urithi.

Harufu ikashuka ngazi bila haraka. Uani masinia yalikuwa ndiyo kwanza yanawekwa. Bi Hadidja alikuwa ameshanyoosha mkono, akauacha hewani.

"Mkwe," alimwita Batoul, "nyama hii imechinjwa lini?"

Vichwa vyote vikageuka.

"Alfajiri ya leo," alijibu Soidri, na kisu mkononi.

"Leo ya wiki hii?"

"Bibi, mimi ni mwana wa wagawaji!"

"Sina ugomvi na babako, bwana, lakini pua ninayo."

Soidri akakata pande la nyama, akalitafuna mbele ya watu wote na kulimeza. Haikusaidia, harufu iliongezeka. Watu wakaanza kuangalia nyayo za viatu vyao, kisha vya jirani zao. Tadjidine akaingia chini ya ngazi na fimbo kutafuta panya aliyekufa, akatoka na kandambili iliyopotea tangu Ramadhani. Batoul akakimbia na chetezo cha udi, akafukiza pembe zote, na hapo mambo yakaharibika kabisa, ikawa harufu ya mzoga uliojipamba kwenda harusini. Bi Hadidja akasimama. Watu wa Moroni wakaanza kukusanya nguo zao, na yule Soidri, mtu mkubwa vile, akaketi juu ya gogo la kukatia nyama na machozi yanamtiririka ndevuni.

Batoul alisimama uani kati ya watu, chetezo mkononi. Kwa kukosa la kufanya akawaangalia inzi. Wakati wa kugawa nyama inzi ni wengi, kila mtu ana jani la kuwapungia. Lakini inzi hawa walikuwa wakipita juu ya nyama bila kutua, mfululizo, kama watu walioalikwa kwingine. Walipita juu ya wali, wakapita juu ya maziwa ya mgando, wakapanda ngazi.

Batoul akawafuata.

Walikuwa wamejaa mlangoni mwa chumba cha harusi, wanajipenyeza mmoja mmoja chini ya mlango. Akafungua, akaenda moja kwa moja kwenye karai, akafunua shiromani.

Ua lilikuwa limefunguka. Nyota ya ncha tano, pana kuliko sahani ya pilau, rangi ya siagi, limechorwa mistari myekundu myembamba kama iliyopigwa kwa sindano, na ukingoni lina manyoya mororo. Katika maisha yake hajapata kuona kitu kizuri vile kikitoka mkononi mwake. Akainama na macho amefumba, akavuta pumzi.

"La ilaha illallah!" Akarudi nyuma, akagonga kabati.

"Kumbe si yeye!" alisema Zouhoura.

"Kumbe si yeye!" alisema Charif, na wakatazamana kwa mara ya kwanza siku ile.

Zouhoura ndiye aliyepata akili mapema. "Mama, fungua dirisha ulitupe uchochoroni. Harufu itaondoka, utasema lilinyauka. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Batoul alilitazama dirisha. Angelitupa, na Bahiat asingepata la kusema. Lakini chini kulikuwa na Soidri juu ya gogo. Nyama ingebaki na lawama, na lawama ya nyama haitoki kwa kufungua dirisha. Wana wa Soidri wangeitwa wana wa muuza mizoga, na vizazi vitatu vingekwenda na maji. Akakumbuka na kiapo chake, mbele ya mashahidi. Akavuta punje ya tasbihi, akalinyanyua karai.

Alishuka nalo na wingu la inzi juu ya kichwa chake. Watu wakampisha. Wote wakampisha, kwa haraka hata wakakanyagana.

"Nyama ni safi," alisema. "Soidri hana kosa. Kinachonuka ni ua langu. Nilililea mwenyewe mwaka mzima na nusu. Niwieni radhi, na vitunguu viko wapi?"

Bi Hadidja akasogea, akaliinamia ua, ile pua ndefu ikagusa manyoya. Akaruka kama aliyeungua, akapiga chafya tatu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamshikilia Tadjidine begani, na Tadjidine kandambili bado anayo mkononi. "Mwenyezi Mungu hakosi mambo," alisema. "Ua kufanya hivi! Na mimi niliyedhani ni mwanangu hakuoga!" Basi kicheko kikashika ua wote, wa Moroni na wa Mutsamudu pamoja.

Soidri hakucheka. Alifuta macho, akalichukua karai kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga, akalipeleka nyuma ya jiko, kule mwisho kwenye kona ya ukuta, ambako upepo unaichukua harufu kwenda nje. Inzi wote wakalifuata kama msafara wa ngoma. Watu wakarudi kwenye masinia. Wakala nusu saa nzima, na majani ya kupungia yamelala chini, hayana kazi.

"Miaka thelathini nagawa nyama," Soidri alisema taratibu, akiangalia huku na huku, "sijapata kugawa bila inzi."

Bahiat alikuwa amesimama karibu na Batoul, na kisu kidogo cha vitunguu alikuwa nacho kweli, amekichomeka kwenye fundo la nguo yake. Alimtazama Batoul, akatazama nyama, akatazama kona ya ukuta. Kisu hakukitoa, wala kiapo hakukidai tena.

Mwezi haukuisha, ujumbe ukaja kutoka Mirontsy, mji wa jirani. Kuna harusi ya ng'ombe saba, na Soidri amesema hashiki kisu kama ua la Batoul halipo. Baadaye ikaja harusi nyingine, na nyingine. Kwa kuwa Mgeni hachanui kwa amri, Batoul alikata vidole vyake akaotesha makopo ishirini, ili pasikose kitumba mahali. Dari yake ikajaa mpaka Tadjidine akakosa pa kuanika kanzu. Zouhoura na Charif, ambao mpaka leo wakikasirikiana huulizana habari za liwa na meli ya samaki, walipelekewa kopo lao Moroni. Hata Bahiat alikuja, akazunguka mara mbili, mikono mgongoni, akaomba kitawi.

"Chukua viwili," Batoul alimwambia, "lakini nakuonya, dada, usiuhurumie."

Asumini ya Bahiat iliendelea kukaa mbele, chumbani kwa maharusi, mahali pake. Batoul alikuwa na kiti chake nyuma ya jiko, karai miguuni, shiromani ameivuta mpaka puani, na fungu la kwanza la nyama, alilotengewa na Soidri mwenyewe, mapajani. Vitunguu vilimenywa na watu wengine.

Mara ya kwanza, kule Mirontsy, alifika kwenye mlango wa harusi asubuhi na karai kichwani. Alikuwa amefanya mazoezi njia nzima. Msichana wa mlangoni hakumjua, akaziba pua kwa kanga.

"Bibi, umeleta nini?"

Batoul akasimama sawasawa kama marehemu mamake.

"Nimeleta maua," alisema, na watu wote wakanyanyuka kumpisha.